Chenso ya zamani haiwaki: soma ugonjwa wake kabla ya kutaja bei

Chenso ya zamani, yaani msumeno wa injini wenye mnyororo, hufa kwa njia mbili: hufia kazini au hufia usingizini. Iliyofia kazini imeungua pistoni, silinda imechubuka, beringi zinalia. Iliyofia usingizini iliwekwa stoo ikiwa nzima ikasahaulika, petroli ikakauka ndani ya kabureta, ukungu mweupe ukatanda kwenye pointi, vile vibati vinavyounga na kukata umeme wa cheche. Ukizitazama mezani zinafanana. Zote zina vumbi la mbao lililogandamana na oili, zote haziwaki, na anayeziuza atakwambia neno lile lile: inataka plagi tu.

Nitafuata dalili moja baada ya nyingine, na nikifika kwenye chanzo nitasema kinagusa bei kwa kiasi gani. Kwangu kutengeneza na kuthamini ni kazi moja. Huwezi kuitia bei mashine ambayo hujui inaumwa nini.

Usivute kamba kwanza

Watu wengi wakifika kwenye chenso kuukuu hushika kamba na kuvuta kwa nguvu zote waone kama itawaka. Kama ndani kuna kipande cha ringi (pete ya pistoni) kilichovunjika au punje za mchanga, mivuto michache inatosha kuichora silinda iliyokuwa salama. Fungua eksozi kwanza. Kwenye chenso nyingi ni bolti chache tu. Zungusha flaiwili, gurudumu la injini lenye mapezi na sumaku, taratibu kwa mkono mpaka pistoni izibe tundu la eksozi, kisha mulika kwa tochi.

Pistoni nzima ina mistari myembamba iliyolala, alama za kuchongwa kwake kiwandani. Mistari iliyosimama, kutoka juu kwenda chini, ni majeraha. Tazama yako upande gani. Majeraha upande wa eksozi yanasema injini ilipata joto kali, mara nyingi kwa sababu hewa iliingia mahali isipotakiwa au kabureta ilibanwa petroli mno. Majeraha upande wa kabureta yanasema ilivuta vumbi, chujio la hewa lilichanika au halikukaa vizuri. Pistoni ikiwa imekwaruzwa mzunguko mzima, aghalabu kuna mtu alijaza petroli tupu bila oili.

Halafu bonyeza ringi kwa kijiti cha mti kupitia tundu hilo. Ikicheza kama springi, ni nzima. Isiposogea, imeshikwa na kaboni, na hilo si jambo la kutisha: huloweshwa, husafishwa, hurudi kazini bila kununua kitu.

Sasa kompresheni, presha ya hewa inayobanwa silindani. Funga geji kwenye tundu la plagi, shikilia resi ikiwa imefunguka yote, vuta mara tano au sita mpaka mshale usimame. Psi (kipimo cha presha) 150 na kuendelea ni injini yenye afya. Kati ya 120 na 150 bado ni ya kazi. Chini ya 100, hesabu ringi na huenda pistoni pia. Angalia geji yenyewe: ile ya gari yenye mpira mrefu na vali yake iliyo mbali na plagi hudanganya kwa injini ndogo, inasoma chini kuliko ukweli. Na chenso kubwa huwa na kitufe cha kupunguza kompresheni wakati wa kuwasha, hakikisha kimefungwa.

Niliwahi kununua chenso kubwa kwa sababu kamba yake ilinivuta mkono. Nilidhani nimepata injini ya ajabu. Nilipofungua plagi nyumbani, oili nzito ikatiririka mezani. Ilikuwa imemiminwa silindani ili kuziba mwanya wa ringi zilizokwisha. Nilipoipima ikiwa kavu ilisoma psi 70. Tangu siku hiyo, nikishaona pistoni, natoa plagi, naipindua mashine tundu liangalie chini, navuta kamba mara chache kuikausha, ndipo nafunga geji.

Haiwaki kabisa

Tafuta kwanza kama kinachokosekana ni moto au ni petroli. Dondoshea nusu kijiko cha chai cha petroli iliyochanganywa na oili kwenye tundu la plagi, rudisha plagi, vuta. Ikilipuka na kunguruma sekunde mbili kisha ikazima, moto upo na tatizo liko kwenye kabureta au njia ya petroli. Kimya kabisa, anza na moto.

Kabla ya kugusa kingine chochote, chomoa waya wa swichi ya kuzimia. Waya huo huchubuka, ukagusa bodi, na injini ikawa imezimwa muda wote bila mtu kujua. Nimeona flaiwili zikivunjwa mapezi kwa nyundo na koili, zinazozalisha umeme wa cheche, zikitupwa kwa kosa la waya wa sentimita kumi.

Kama bado hakuna cheche, ukumbuke kuwa chenso nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zinatumia pointi na kondensa, na mara nyingi pointi zimejificha nyuma ya flaiwili. Itoe flaiwili kwa kifaa chake cha kuvutia. Usipige ncha ya krenki, ekseli inayozungushwa na pistoni, kwa nyundo. Ukihitaji kuizuia injini isizunguke, ingiza kamba laini kupitia tundu la plagi ijaze juu ya pistoni. Chuma kinatoboa pistoni, kamba haitoboi. Pitisha msasa laini kati ya pointi, kisha karatasi ngumu safi iliyoloweshwa petroli ili kutoa unga. Weka mwanya wa milimita 0.35 hadi 0.40 kwa fila geji (vibati vya kupimia mwanya), kama kitabu cha mashine yako hakisemi vingine. Plagi iwe milimita 0.5 hadi 0.6, na kati ya koili na sumaku za flaiwili pite karatasi nene ya milimita 0.25 au 0.3.

Ukiwa hapo, kagua kile kipande kidogo cha chuma kinachoshika flaiwili kwenye krenki. Kikikatika nusu, flaiwili inahama, moto unakuja wakati usio wake. Dalili yake ni kamba kurudi kwa nguvu na kuuma vidole, au kulipuka kupitia kabureta.

Pointi chafu hazipunguzi bei hata kidogo. Kwa mnunuzi anayejua, ni habari njema, kwa sababu ni ugonjwa wa usingizi. Kondensa pia si kitu. Koili iliyokufa ni suala jingine kwa mashine adimu, ingawa pointi na kondensa zinaweza kurukwa kwa moduli ndogo ya elektroniki inayofungwa kwenye waya za koili. Mkusanyaji anayetaka kila kitu kiwe cha asili atalalamika. Mtu wa kukata kuni atakushukuru.

Moto upo, petroli haifiki

Hapa ndipo chenso nyingi zilizolala hufufuka. Kabureta ya chenso haina boya kama ya pikipiki. Ina diaframu, utando mwembamba unaopigwa na mapigo ya hewa kutoka kwenye kasha la krenki, ukivuta petroli hata mashine ikiwa kichwa chini. Utando huo ukikaa miaka unakuwa mgumu kama ganda la kitunguu. Ukiubonyeza ukasikika ukikwaruza badala ya kulegea, tupa.

Badilisha seti nzima: diaframu, gasketi na sindano. Kabureta za Tillotson na Walbro zilifungwa kwenye chenso za viwanda vingi, kwa hiyo seti zake bado zinapatikana hata kwa mashine iliyoacha kutengenezwa zamani sana. Soma herufi na namba zilizogongwa kwenye bodi ya kabureta yenyewe, usiamini jina la chenso; mashine moja iliweza kutoka na kabureta tofauti mwaka hadi mwaka. Ndani ya mlango wa petroli kuna kichujio kidogo cha waya, duara kama kifungo cha shati. Wengi hawajui kuwa kipo. Kikiziba, injini itawaka vizuri na kukosa nguvu ikiingia mtini.

Mpira wa petroli ukiwa umegeuka kuwa kama lami, ubadilishe bila kujadili. Petroli yenye ethanoli huila mipira ya zamani haraka zaidi.

Kuhusu mchanganyiko: kibandiko cha zamani huenda kinasema sehemu 16 za petroli kwa moja ya oili, au 20, au 24. Maagizo hayo yaliandikwa kwa oili za wakati ule, nyingine zikiwa oili za injini za kawaida. Kwa oili ya kisasa ya injini za mipigo miwili mimi natumia 32 kwa moja, yaani mililita 31 kwa kila lita. Sishuki hadi 50 kwa moja kwenye injini ambayo mtengenezaji wake hakuwahi kuifikiria hesabu hiyo.

Inawaka ikiwa baridi, ikipata joto inazima na kugoma

Dalili hii ina vyanzo vitatu ambavyo bei zake haziko karibu hata kidogo, ndiyo maana inafaa kuwa na subira nayo.

Mara inapozima, legeza kifuniko cha tangi. Ukisikia mfyonzo wa hewa na ikawaka tena, tundu la kupumulia la tangi limeziba. Umemaliza, na ukarabati huo haugharimu kitu. Kama hakuna mfyonzo, chomoa plagi hapo hapo, injini ikiwa bado ya moto, utazame cheche. Cheche ikiwa imepotea na kurudi baada ya nusu saa, koili au kondensa inashindwa na joto. Cheche ikiwepo, pima kompresheni ikiwa ya moto. Injini iliyosoma vizuri asubuhi na kuporomoka ikipata joto ina ringi na silinda zilizochoka, na hapo unazungumzia thamani ya vipuri tu.

Muuzaji akikuonyesha chenso inayowaka, usiridhike na dakika mbili. Omba iende robo saa, izimwe, kisha iwashwe tena. Akikataa, umeshajibiwa.

Sailensa (mwendo wa injini bila resi) inapanda yenyewe, au resi inachelewa kushuka

Hii ndiyo dalili inayoniogopesha kuliko zote, kwa sababu chenso inakuwa inasikika vizuri. Ina kasi, sauti kali, mwenyewe anafurahi. Kumbe inavuta hewa isiyopitia kwenye kabureta, mchanganyiko umekosa petroli, na oili inayolainisha pistoni inakuja pamoja na petroli hiyo hiyo. Imebakiwa na matangi machache ya maisha.

Ipime hivi. Iache ingurume kwenye sailensa, uilaze upande wa flaiwili, kisha upande wa klachi. Mlio ukibadilika sana upande mmoja, sili ya krenki (mpira unaozuia hewa kupita) ya upande huo ni ya kushukiwa. Sehemu nyingine za kuvuja ni kiungo cha mpira kati ya kabureta na silinda, gasketi ya chini ya silinda, na mpira mdogo wa mapigo.

Jibu la uhakika linatoka kwenye kipimo cha presha. Ziba tundu la eksozi na la kabureta kwa vipande vya tyubu ya baiskeli vilivyobanwa na bolti zake, pampu hewa kupitia tundu la mapigo mpaka nusu bar, usizidishe. Ishikilie dakika moja mshale usishuke. Ukishuka, paka povu la sabuni utafute mapovu. Halafu rudia kwa kunyonya hewa badala ya kusukuma, maana kuna sili inayoshikilia ikisukumwa kutoka ndani na kuvuja ikivutwa. Watu huruka hatua hii ya pili, na ndiyo inayokamata wezi.

Sili mbili ni vitu vidogo vya bei ndogo. Lakini chenso iliyofanya kazi muda mrefu na sili mbovu inakuwa na pistoni iliyochubuka upande wa eksozi, kwa hiyo rudi pale tulipoanzia na tochi yako. Na usibadilishe pistoni kabla ya kuziba mvujo. Nimekuta pistoni mpya iliyoungua ndani ya wiki, imekufa kwa ugonjwa ule ule ulioua ya kwanza.

Kwenye chenso nyingi za McCulloch na Homelite kuna vali za ulimi, vibati vyembamba vinavyofunguka na kufunga kati ya kabureta na kasha la krenki. Petroli ikitemwa kwa wingi nje ya kabureta, ulimi mmoja umepinda au haukai vizuri.

Hewani ina nguvu, ikiingia mtini inakufa

Angalia ukali wa mnyororo kwanza, ndipo uishuku injini. Mnyororo butu unatoa unga; mkali unatoa vipande. Kama ni unga, noa. Kisha kichujio kile cha kabureta nilichokitaja. Kisha tundu la eksozi: mashine iliyotumia oili nyingi miaka mingi hujenga kaboni mpaka tundu linabaki nusu. Ikwangue kwa kijiti cha mti, pistoni ikiwa imeziba tundu ili mabaki yasiingie ndani.

Baada ya hapo ndipo unagusa skrubu za petroli kwenye kabureta, ya mwendo mdogo na ya kasi. Anza na mzunguko mmoja kutoka kufungwa, kwa zote mbili, na ufunge kwa vidole viwili tu, kwani ukikaza unaharibu kiti cha sindano. Piga resi yote hewani: sauti inapaswa kuwa ya kubwabwaja kidogo, kama injini inayoruka pigo. Ikiingia mtini sauti isafike na kuwa moja. Ikiwa safi hewani tayari, imekosa petroli. Fungua skrubu ya kasi kidogo. Chenso za leo huzunguka zaidi ya mara 12,000 kwa dakika, lakini nyingi za zile kubwa za zamani zilijengwa kwa 7,000 hadi 9,000. Nguvu yake iko kwenye msukumo, si kwenye kelele. Anayeitafuta sauti ya mashine mpya kwenye mashine ya 1962 anaitafutia kifo.

Mnyororo unazunguka bila resi. Bamba linatoa moshi

Kwanza shusha skrubu ya sailensa. Usipoacha kuzunguka, springi za klachi zimelegea au moja imekatika.

Moshi kwenye bamba linaloongoza mnyororo ni ukavu wa oili. Chenso nyingi za zamani zina pampu ya kidole gumba, nyingine zina ya kujiendesha, nyingine zote mbili. Oili iliyolala miaka inakuwa gundi. Osha tangi kwa mafuta ya taa, safisha tundu dogo la bamba, kisha elekeza ncha kwenye boksi jeupe upige resi. Ukiona mstari wa matone, imepona.

Imenoki

Flaiwili haizunguki kabisa. Toa plagi na eksozi, mimina oili nyepesi, iache siku mbili tatu, kisha jaribu kwa mkono taratibu. Iliyoshikwa na kutu ya kulala mara nyingi huachia, nawe unabaki na jukumu la kukagua beringi. Iliyonoki kwa joto ina aluminiamu ya pistoni iliyoyeyuka ikashika ukutani mwa silinda. Kama silinda imepakwa kromu na kromu haijamenyeka, alumini hiyo hutolewa kwa asidi ya hidrokloriki, ukigusia kwa pamba palipochafuka tu, nje, na glavu na miwani. Inachemka, ikiacha kuchemka, hapana tena cha kula. Osha kwa maji na magadi, kausha, paka oili mara moja. Lakini ukucha wako ukinasa kwenye ukingo ambapo kromu imebanduka, acha. Asidi itaitoboa silinda yenyewe.

Tazama pia kasha la krenki. Mengi ni ya magnesiamu, na magnesiamu iliyokaa unyevuni hugeuka unga mweupe, ikaliwa kutoka ndani, hasa pale maji yalipotuama. Vumbi lake linashika moto vibaya, usilisage kwa grainda. Na gasketi za miaka hiyo huenda zina asbesto. Zikwangue zikiwa zimelowa.

Sasa itie bei

Ondoa kwanza kila ugonjwa wa usingizi kwenye hesabu: pointi, diaframu, mipira, plagi, kaboni. Hivyo utavifanya wewe. Kinachobaki ndicho kinachopima thamani: silinda, kasha la krenki, na ukamilifu. Kifuniko cha chujio kilichopotea, au mpini uliovunjika wa mashine adimu, unaweza kukusumbua kuliko pistoni, kwa sababu pistoni hutengenezwa upya na wengine, vifuniko hakuna anayehangaika navyo. Tazama na mnyororo. Zile za zamani sana zilitumia minyororo ya hatua ya nusu inchi au 7/16, na siku hizi bamba na sproketi zake ni za kutafutwa. Pima umbali wa riveti tatu zinazofuatana, gawa kwa mbili, upate hatua.

Umri peke yake hauleti bei. Minyororo ya kisasa ilianzia kwa Joseph Cox, mkata miti wa Marekani, aliyemtazama buu akitafuna mti kushoto na kulia mwaka 1946 akauiga utafunaji huo, na kufikia 1949 McCulloch walikuwa na chenso ya 3-25, ya mtu mmoja, yenye kilo kama 11. Baada ya hapo chenso zilitengenezwa kwa wingi mno, na nyingi ndogo za miaka ya 1970 ni nzee bila kuwa adimu. Zinazotafutwa ni zilizobadilisha kitu au zilizokuwa na nguvu kupita kiasi: Stihl Contra ya 1959, cc 106, iliyoondoa gia kati ya injini na mnyororo, Stihl 090 ya cc 137, McCulloch Super Pro 125 ya cc 123. McCulloch walitengeneza na injini za gokati zilizotokana na chenso zao, kwa hiyo hata vipuri vina wateja wa pande mbili.

Kwa Stihl 070 na 090 kuwa mwangalifu maradufu, maana nakala zake ni nyingi na baadhi zimebandikwa nembo ya asili. Linganisha ubora wa herufi zilizosubiwa kwenye kasha, namba ya mashine iliyogongwa, na jina la kabureta. Rangi mpya inayong'aa mpaka ndani ya mapezi ya silinda ni sababu ya kuuliza maswali. Rangi ya asili iliyochakaa ina thamani kubwa zaidi kwa mkusanyaji.

Na kama unainunua uitumie msituni, punguza bei kwa usalama inaokosa. Nyingi za kabla ya miaka ya 1970 hazina breki ya mnyororo, na zilizo nyingi hazina mipira ya kuzuia mtetemo, ule unaokausha damu vidoleni kwa miaka. Kwa mashine ya namna hiyo mimi nakata magogo yaliyolala tu, miguu imejengeka, ncha ya bamba haigusi kitu, na tangi moja likiisha naiweka chini.